“Technician to check”: kitenzi kilichokosekana na tangi la maziwa

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika kituo cha wakulima cha kupozea maziwa, mashambani katika kaunti ya Nakuru. Majina ya watu si yao, na vitu vidogo ambavyo vingemfanya jirani akitambue kituo nimevibadilisha. Sentensi za Kiingereza nimezinakili jinsi zilivyokuwa daftarini, makosa yake yakiwemo.

Mimi hufundisha watu wazima Kiingereza cha kazini, jioni, mjini Nakuru. Wanaokuja kwangu ni makarani, walinzi, wahudumu wa hoteli, madereva: watu wanaoongea Kiswahili kutwa nzima, lakini wakishika kalamu wanatakiwa waandike Kiingereza.

Kituo kina matangi mawili. Wakulima huleta maziwa asubuhi na jioni kwa pikipiki na kwa punda. Karani hupima kwa laktomita kuona kama yametiwa maji, kisha hufanya jaribio la alkoholi: huchanganya maziwa na alkoholi kiasi sawa, akitikisa na kuona chembechembe zimeganda, mwenye maziwa anarudi nayo nyumbani. Yanayopita humwagwa tangini yapozwe hadi nyuzi 4 za selsiasi. Lori la kampuni inayonunua hufika saa tano hivi asubuhi, na dereva wake hurudia jaribio lilelile kabla ya kufyonza hata lita moja.

Kila zamu huacha maelezo kwenye daftari, kwa Kiingereza, kwa sababu kampuni hiyo hudai nakala kila mwezi. Karani wa usiku, nitamwita Juma, alimaliza Kidato cha Nne akapata D+ ya Kiingereza na B ya Kiswahili. Shikeni alama hizo mbili, zina kazi huko mbele. Msimamizi wa mchana, nitamwita Mama Zawadi, ni mtu mzima aliyefanya kazi ya ofisi miaka mingi na hamalizi chai ya asubuhi bila gazeti.

Usiku wa tukio

Kwenye saa sita kasoro dakika ishirini usiku Juma aliona kipimo cha tangi la pili kikisoma nyuzi 7. Stima ilikuwepo. Kompresa ilikuwa ikiwaka na kuzima, ikiwaka na kuzima. Alimpigia fundi, simu ikawa mteja, haipatikani. Akarudia mara mbili, bado mteja. Akafungua daftari akaandika mistari miwili:

“2340. Tank 2 not cooling. Technician to check.”

Saa kumi na mbili asubuhi matatu ya kwanza ilipiga honi barabarani. Juma alimwamkia Mama Zawadi getini, akamwambia “mama, nimeandika kila kitu,” akakimbilia gari. Mama Zawadi alisoma daftari, akaelewa kwamba fundi yuko njiani, akaendelea na kazi. Tangi la kwanza lilijaa mapema, kwa hiyo maziwa ya asubuhi yaliyobaki yakamwagwa kwenye lile la pili. Maziwa hutoka kiweleni yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, nyuzi 38 hivi, na tangi lililoshindwa kupoza mzigo wa jana sasa likaongezewa mzigo wa moto. Fundi hakutokea, maana hakuna aliyempata. Lori lilipofika, maziwa yaliganda kwenye jaribio la alkoholi. Tangi la lita 2,000, lililojaa zaidi ya nusu, likakataliwa lote.

Kamati ilikaa jioni ileile. Nilisimuliwa maneno haya na watu watatu, na wote watatu waliyakumbuka sawasawa:

“Mama, mimi niliandika.”

“Uliandika fundi anakuja.”

“Sikuandika anakuja. Niliandika aangalie.”

Daftari lilikuwa mezani katikati yao. Hakuna aliyekuwa akidanganya.

Maneno matatu, sentensi mbili

Kamati iliniita siku chache baadaye, ikitaka nimfundishe Juma “Kiingereza cha kuandika.” Mwenyekiti alikuwa amependekeza Juma akatwe mshahara, lakini mjumbe mmoja akakumbusha kwamba kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinaruhusu kumkata mfanyakazi kwa mali iliyoharibika pale tu aliposababisha hasara kwa kukusudia. Wakamwandikia barua ya onyo, wakaniletea mimi shida iliyobaki.

Nilianza kwa kuwauliza Juma na Mama Zawadi, kila mmoja peke yake, wanisomee mstari ule kwa Kiswahili. Juma akasema, “Fundi aangalie.” Mama Zawadi akasema, “Fundi ataangalia.”

Tofauti ya silabi mbili tatu, na ndani yake kuna tangi zima la maziwa. Kichwani mwa Juma mlikuwa na sentensi kamili. Neno “aangalie” lina mtu ndani yake, yule “a-” wa mwanzo, na lina matakwa, ile “-e” ya mwisho. Halihitaji msaada. Alipolivusha kwenda Kiingereza alichukua “to check,” umbo ambalo halina mtu wala wakati. Kitenzi kilibaki ng'ambo.

Mama Zawadi naye alisoma kama anavyosoma gazeti. Kichwa cha habari kikisema “Governor to open market,” maana yake ni kwamba gavana atafungua soko. Vichwa vya habari vya Kiingereza huangusha “is,” na “to” hubaki ikibeba wakati ujao. Mtu anayesoma vichwa kama hivyo kila asubuhi atasoma “Technician to check” vivyo hivyo, na hawezi kulaumiwa.

Jaribio la kwanza, ambalo liliharibika

Nilifanya jambo ambalo walimu wengi hulifanya. Nilichukua kurasa za zamani za Juma, nikazipitia kwa kalamu nyekundu, nikamwambia kila sentensi ya Kiingereza lazima iwe na kiima na kitenzi. Nikampa jedwali la maumbo manane ya “be”: be, am, is, are, was, were, been, being. Ukurasa mmoja wa mistari 40 ulikuwa na mistari 23 isiyo na kitenzi. Nilizungushia yote duara.

Wiki iliyofuata daftari lilisomeka hivi:

“Generator is start at 0215.”
“Farmer 88 is bring 40 litres.”
“Tank 1 is OK.”
“Technician is to check.”

Mistari miwili ya kwanza ilikuwa sahihi kuliko hiyo kabla sijaingia mimi. Zamani aliandika “Generator started 0215,” na hapo palikuwa na kitenzi chema kabisa. Mimi ndiye niliyemfundisha kutoamini kitenzi chake mwenyewe. Wa tatu hauna neno. Wa nne ndio ulionitoa jasho. Kisarufi, “The technician is to check” ni sentensi halali. Ningeipa alama ya vema bila kufikiri. Lakini bado haisemi kama fundi amepigiwa simu. Bado Juma angeusoma “aangalie” na Mama Zawadi “ataangalia.” Nilikuwa nimeziba shimo la sarufi na kuacha lile lililomeza maziwa.

Kulikuwa na jambo baya zaidi, nikachelewa kuliona. Mistari ilikuwa imepungua. Usiku ambao zamani ungekuwa na maelezo manane sasa ulikuwa na matatu, na mawili kati yake ni “OK.” Juma alikuwa amegundua kwamba mstari usioandikwa hauwezi kuzungushiwa duara. Sentensi mbovu ilikuwa bado na habari ndani. Ukimya haukuwa na chochote. Niliomba samahani, nikaacha kalamu nyekundu nyumbani.

Uamuzi wa pili: turudi kwenye Kiswahili

Hapa ndipo ile B ilipopata kazi. Mtu mwenye B ya Kiswahili anajua kitenzi ni nini. Anajua hata vitenzi vishirikishi, kwamba “ni” na “si” na “yu” ni vitenzi japo havifanani na vingine. Nilimwomba akate neno “halipozi” vipande kama alivyofundishwa shuleni. Akaandika nyuma ya karatasi ya hesabu za maziwa: ha, kanushi, li, tangi, poz, mzizi, i, kiishio cha ukanushi wakati uliopo. Nikamwambia sasa tafuta kila kipande kimeenda wapi kwenye “Tank 2 not cooling.” Tangi limo. Ukanushi umo. Kupoza kumo. Akakaa kimya kidogo, kalamu juu ya ile “-i.”

“Wakati ndio haumo,” akasema.

Ndivyo ilivyo. “Cooling” peke yake haina wakati, ni kama “likipoza.” Wakati hukaa kwenye “is” au “was,” na kwa Kiingereza ni lazima uchague. Juma hakuwahi kuona sababu ya neno hilo, maana kwa Kiswahili halisimami peke yake. Limeyeyuka ndani ya kitenzi. Ukisema “maziwa yamo mitungini” hujatumia neno la pekee la kuwa, na wala hujakosea. Ukiandika “Milk in cans” umekosea. Sikio nalo halisaidii: fundi akisema haraka “the tank's not cooling,” ile “s” ya kati humezwa, na anayesikiliza husikia kile ambacho Juma aliandika.

(Kinyume chake tunacho Wakenya wengi, tunaoandika “Am fine” kwenye simu. Hapo kitenzi kipo, kiima ndicho kimeliwa.)

Jana, kesho, na kidole gumba

Kukata maneno vipande kulimsaidia kuelewa, lakini saa nane usiku, kompresa ikilia, hakuna anayechambua viambishi. Alihitaji kitu cha haraka. Tulianza na “yesterday.” Iweke mbele ya sentensi uone ni neno gani linatikisika. “Yesterday tank 2 not cooling”: hakuna lililosogea. “Tank 2 is not cooling” ukiiwekea jana, “is” inalazimika kuwa “was.” Neno linalotikisika ndilo kitenzi, lisipotikisika hata moja, kitenzi hakipo.

Juma mwenyewe ndiye aliyepata mahali jaribio linapofeli. Aliniletea “Farmer 114 milk rejected.” Ukiiweka jana, hakuna kinachosogea, lakini hata “The clerk rejected the milk” haisogei, na hiyo ina kitenzi. Maneno ya “-ed” yanafanana yakiwa kitenzi na yasipokuwa. Tukajaribu kesho. Akaandika “Tomorrow farmer 114 milk will rejected,” akasimama, akafuta, akaandika “will be rejected.” Ile “be” ilichomoza yenyewe. Basi kama kesho inaidai “be,” jana inaidai “was.” (Ile “s” ya umiliki iliyokosekana kwenye “Farmer 114” niliiona na nikaiacha makusudi. Kosa moja kwa wakati mmoja.)

“Seal broken” ilipita njia hiyohiyo, na hapo niliona nyuso zikibadilika kamatini nilipoeleza. Lakiri ya mlango wa tangi imevunjwa na karani ili afungue, au aliikuta imevunjika? “I broke the seal” na “I found the seal broken” ni mambo mawili mbele ya mtu yeyote anayechunguza wizi. Maneno mawili ya daftarini yanaruhusu yote mawili.

Lililobaki lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu linadanganya jaribio: “The driver who brought the cans from the upper side.” Kesho hugeuza “brought” kuwa “will bring,” kwa hiyo mtu huridhika kwamba kitenzi kipo. Kipo, ila ni cha kumtambulisha dereva tu. Nilimwambia Juma aweke kidole gumba juu ya kila kitu kuanzia “who” hadi mwisho. Kilichobaki kilikuwa “The driver.”

“Sasa nisomee kwa Kiswahili, yote.”

“Dereva aliyeleta mitungi kutoka upande wa juu.” Akacheka. “Mwalimu, hata Kiswahili inabaki hewani.”

“Alifanya nini?”

“Alikataa kusaini.”

Kumbe habari yenyewe ndiyo iliyoachwa. Alijua dereva amekataa kusaini, alikuwa na hasira naye, akaandika maneno kumi juu ya dereva huyo na hakuna hata moja lililosema alichofanya.

Tulichoamua kuhusu daftari

Niliwauliza wanakamati kwa nini wasiandike Kiswahili. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Jibu lilikuwa kwamba mnunuzi hataki. Sikuridhika, na sijaridhika hadi leo: daftari la zamu huandikwa kwanza kwa ajili ya mtu anayeingia kazini asubuhi, na huyo anaelewa Kiswahili kuliko mtu yeyote wa makao makuu. Lakini uamuzi haukuwa wangu.

Walichokubali ni kubadilisha ukurasa. Upande wa kushoto ukabaki wa vipimo, na hapo kitenzi hakidaiwi: “4°C” chini ya kichwa cha joto inajitosheleza, kichwa chenyewe kimeshafanya kazi ya kitenzi. Upande wa kulia ni wa maelezo, na kila mstari unaomtaja mtu lazima useme alifanya nini. Pia wakaongeza safu moja ya kuandika aliyepigiwa simu, saa ngapi, na kama alipokea.

Na karani wa usiku haondoki kabla yeye na anayeingia hawajasoma ukurasa pamoja kwa sauti. Matatu itasubiri, au itaondoka.

Matokeo

Tulikutana jioni sita, Jumanne na Alhamisi. Nilipopitia daftari miezi miwili baadaye, sentensi zisizo na kitenzi zilikuwa bado zipo, chache, karibu zote zikiwa za “-ed” na zimeandikwa baada ya saa tisa usiku. Maelezo yalikuwa yamerudi urefu wake wa zamani. “Generator is start” ilitoweka. Tangi la pili lilisumbua tena mara moja, na maziwa ya asubuhi yakapelekwa kituo jirani kabla hayajamwagwa.

Uchambuzi

Haki ni kusema kwamba Kiingereza hakikuharibu kompresa. Fundi mmoja tu, simu moja, hakuna wa pili: huo ni udhaifu wa kituo, na ile safu ya simu iliyoongezwa pengine imeokoa maziwa mengi kuliko masomo yangu yote. Makabidhiano ya getini nayo yalikuwa ya kukimbizana na gari. Kama Mama Zawadi angeuliza swali moja tu, mstari ule ungebaki kuwa kosa la sarufi ambalo hakuna mtu angelikumbuka.

Lakini fikirieni Juma angelazimika kuweka kitenzi kamili usiku ule. “The technician...” halafu nini? “Is coming”? Si kweli. “Was called”? Nusu kweli, simu haikupokelewa. “Must come”? Kweli, ila nani atamwambia? Yeyote angekwama hapo angejikuta anaandika kwamba fundi hakupatikana. “Technician to check” ilimruhusu kuruka swali hilo na kufunga daftari akiamini amemaliza. Ndiyo maana sasa sifundishi tena kosa hili kama neno lililodondoka, kwamba okota “is” urudishe mahali pake. Ninauliza kwanza mtu anataka kusema nini kimetokea, kwa lugha anayoifikiria, na mara nyingi hapo ndipo tunapogundua kwamba alikuwa hajaamua.

Kilichofeli waziwazi ni kalamu nyekundu na jedwali la “be” mkononi mwa mtu aliyekuwa tayari na barua ya onyo. Jingine lililofeli, kwa kiasi, ni lile zoezi la kusoma kwa sauti peke yake. Nilimshauri Juma ajisomee mistari yake kabla ya kufunga daftari, lakini mdomo wake ulikuwa ukiongeza “is” ambayo karatasi haikuwa nayo. Tulipogeuza asome mstari wa mwisho kwanza na kupanda juu, makosa yalianza kuonekana, kwa kuwa mstari uliotengwa na wenzake hauna pa kujificha.

Mara ya mwisho nilipopita kituoni, Mama Zawadi alinifungulia ukurasa wa ule usiku tangi liliposumbua tena:

“0112. Tank 2 is at 8 and it is not cooling. I called the technician three times. He did not answer. Do not pour morning milk in tank 2.”

Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho, uso wa mtu aliyenikamata. “Mwalimu, na huyu? Kiima kiko wapi?”

Nikamuuliza yeye alielewa ni nani asiyetakiwa kumwaga.

“Mimi,” akasema, akafunga daftari.